Fungu la Jua

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na ziwa!

Na ndani ya ziwa?

Dagaa, tele!

Dagaa wa nani?

Wa aliyewavua!

Je, na aliyewaosha? Na aliyewaanika? Mmenyamaza. Basi kaeni vizuri, mwenye kukohoa akohoe sasa, nami nianze.

Hapo zamani, kabla karabai, ile taa ya kuvulia usiku, haijafika katika nchi yetu, dagaa walivuliwa mchana. Katika ufuko ulioitwa Kalolwa aliishi Mamba. Mamba alikuwa na mtumbwi. Alikuwa na wavu. Alikuwa na kafi, yaani kasia fupi la kupigia maji. Na kuliko hivyo vyote, alikuwa na mdomo. Mdomo huo ulianzia hapa ukaishia kule, na ndani yake meno yalikaa kila moja lilivyotaka.

Pamoja naye alikuwapo Kenge. Mnaujua msemo wa msafara wa mamba. Basi huyu ndiye Kenge mwenyewe aliyekuwamo. Asubuhi kazi yake ilikuwa kupiga kafi, na baada ya hapo kazi yake ilikuwa kuitikia. Mamba akisema, "Mvua itanyesha," Kenge huitikia, "Itanyesha, Mjomba." Mamba akisema, "Haitanyesha," Kenge huitikia, "Itoke wapi, Mjomba?"

Ufukoni walifanya kazi wanawake watatu. Wa kwanza Bi Kanga, mwenye madoadoa. Wa pili Bi Kobe. Nasema kobe wa majini, si yule wa nchi kavu anayekula majani. Na wa tatu, mdogo kuliko wote, Bi Nguchiro. Tafadhali msimchanganye na kicheche. Kicheche ana mistari mgongoni na ananuka. Nguchiro hana mistari, hanuki, na hasahau jambo.

Bi Nguchiro alikuwa mjane. Alikuwa na watoto watatu: Tabu, Mashaka na Afadhali, kwa mpangilio huo wa kuzaliwa.

Basi kila siku ilikuwa hivi. Jua likichomoza, Mamba na Kenge husukuma mtumbwi majini, pwaa! Jua likipanda kidogo, hurudi wamejaza. Mamba hupanda kivulini na kulala, khoo, khoo. Kenge naye hulala, lakini hukoroma kwa sauti ya chini kuliko ya mjomba wake, kwa adabu.

Hapo ndipo wanawake huanza. Huosha dagaa, chwa, chwa, chwa. Huwaanika mchangani, mmoja mmoja, asimlalie mwenziwe. Huwageuza. Kunguru akija: "Hoo! Hoo! Nenda kwenu!" Mwewe akija: "Hoo! Hoo! Nenda kwenu!" Huwageuza tena. Wingu likija, huwaanua mbio. Wingu likipita, huwaanika upya. Mgongo huuma, mchanga huunguza nyayo, jua huwaka utosini. Jioni dagaa wamekauka, wanalia kama majani makavu, kacha, kacha, nao huwakusanya lundo moja kubwa.

Hapo Mamba huamka, hupiga miayo, huja kugawa. Mamba alikuwa na sheria yake ya kugawa. Alisema, "Kila kilichofanya kazi kina fungu lake. Kisicho na mdomo, mdomo wake ni yule aliyekuwa nacho."

Basi huanza.

"Hili fungu la mtumbwi. Mtumbwi hauna mdomo. Mdomo wake ni mimi." Hupiga mkia, fyaa! Dagaa huenda kwake.

"Hili fungu la wavu. Wavu hauna mdomo. Mdomo wake ni mimi." Fyaa!

"Hili fungu la kafi. Kafi halina mdomo. Mdomo wake ni mimi."

"Ni wewe, Mjomba," husema Kenge, ingawa kafi amelipiga yeye. Fyaa!

"Hili fungu la nahodha. Nahodha mdomo anao." Fyaa! "Na hili kidogo, la mpwa wangu."

"Asante, Mjomba."

Kilichobaki mchangani ni vichwa vilivyokatika na chenga. Hivyo Mamba huwaachia wanawake, kisha huwauliza kama hawana neno la shukrani.

Siku moja Bi Nguchiro aliuliza, "Bwana Mkubwa, nimesikia fungu la mtumbwi, la wavu, la kafi na la nahodha. Fungu la kukausha liko wapi?"

Mamba alicheka mpaka mchanga ukaruka. "Kukausha? Kwani umekausha wewe? Aliyekausha ni jua!"

"Ni jua, Mjomba, ni jua!"

"Nyie wanawake mmekaa tu pwani mkipiga soga. Jua likafanya kazi yake."

"Basi turuhusu nasi tuvue," alisema Bi Nguchiro.

"Hivi hamna wazee nyumbani kwenu? Mwanamke akikanyaga mtumbwi, samaki hukimbia. Ndiyo mila."

"Hukimbia mbio," alisema Kenge.

"Tena kwa kuwa umeuliza," alisema Mamba, "kuanzia kesho lipo fungu jingine. Mchanga unawabeba dagaa kutwa nzima, nao una haki yake. Chenga na vichwa ni fungu la mchanga. Na mchanga hauna mdomo!"

Bi Kanga alishika kichwa. Bi Kobe aliingiza chake ndani. Bi Nguchiro aliinama, akazoa chenga za siku hiyo, akaenda nyumbani.

Watoto walikuwa wamekwisha bandika chungu. "Mama, leo vichwa?" aliuliza Tabu.

"Leo vichwa."

"Na kesho?"

Bi Nguchiro alikoroga chungu. Alijua kwamba kesho hapatakuwa na vichwa wala chenga, na masika ilikuwa karibu. Nyumba isiyo na akiba haivuki masika. Aliwatazama watoto wakigombea ukoko wa chini ya chungu, maana nguchiro huanza kugombana mapema, naye akafikiri. Akafikiri mpaka ugali ukapoa. Kisha akacheka peke yake, hi, hi, hi, akatoka kwenda kuzungumza na shoga zake.

Kesho yake jioni, lundo la dagaa likiwa mbele yao, Mamba aligawa. Fungu la mtumbwi, fyaa! Fungu la wavu, fyaa! Fungu la kafi, fyaa! Fungu la nahodha, fyaa! Fungu la mchanga, fyaa! Mchanga ukabaki mweupe, hakuna hata jicho la dagaa.

Bi Nguchiro alipiga goti. "Bwana Mkubwa, umegawa kwa haki. Lakini umesahau fungu moja, nami naogopa kunyamaza."

"Fungu gani?"

"Fungu la jua. Jana umetufundisha mwenyewe kwamba aliyekausha ni jua. Mtumbwi hufanya kazi asubuhi tu. Wavu hulowa mara moja, basi. Jua ni kutwa. Mimi mjinga, lakini naona fungu la jua halipungui nusu ya dagaa wote."

"Nusu!" alisema Kenge, akasahau kusema Mjomba.

Mamba alifikiri kidogo, akatabasamu, na tabasamu la Mamba huchukua muda kufika mwisho. "Jua halina mdomo. Mdomo wake ni mimi."

"Hapo ndipo penye tabu, Bwana Mkubwa. Mtumbwi ulikuwa nao. Wavu ulikuwa nao. Lakini jua lilipokuwa hapa ufukoni, wewe ulikuwa kivulini. Aliyekuwa nalo ni Bi Kanga. Nahofia jua limekwisha mchagua Bi Kanga kuwa mdomo wake."

"Mie?" Bi Kanga aliruka. "Shoga, usiniletee balaa! Mdomo wenyewe huu! Nusu ya dagaa wote nitaitia wapi?"

"Kanga!" Mamba alinguruma. "Mdomo kama punje ya mtama! Jua litakula kwa huo? Tazameni mdomo!" Akaufungua. Haaa! Ndege wakahama mti.

"Lahaula," alisema Bi Kobe. "Huo ndio mdomo."

"Ndio," alisema Bi Nguchiro, "lakini jua litaujuaje, nawe huufungui mbele yake?"

"Nitaufungua! Naapa, tangu jua lichomoze hadi lizame nitalala mchangani, mdomo wazi, sitaufunga hata kidogo!"

"Na kunguru wakila dagaa mbele ya mdomo wa jua?"

"Nitawafukuza!"

"Na kugeuza?"

"Mkia ninao!"

"Na watu wakisema Bwana Mkubwa amekula fungu la jua kwa kujificha?"

"Mimi si mwizi! Naapa tena, fungu la jua nitalila mbele ya jua lenyewe, linaniona, mchana kweupe. Likizama, siligusi!"

"Mmesikia?" Bi Nguchiro aliwauliza wenzake.

"Tumesikia," walisema Bi Kanga na Bi Kobe.

"Tumesikia, Mjomba," alisema Kenge. Kisha akakuna kichwa. "Ila, Mjomba, nani atavua? Wavu una ncha mbili, nami ni mmoja."

Mamba aliwatazama wanawake. Akautazama mtumbwi. Akalitazama lundo la dagaa na kuona kwa jicho la moyo nusu yake ikimjia.

"Wanawake watakwenda," alisema.

"Ah, hapana, Bwana Mkubwa!" Bi Nguchiro alirudi nyuma. "Na mila je? Samaki watakimbia. Sisi hatuthubutu. Heri fungu la jua libaki bila mdomo."

"Mila, mila! Mila hiyo aliiweka marehemu babu yangu, naye hakuwa na fungu la jua! Nasema mtapanda!"

"Kwa kuwa umetulazimisha," alisema Bi Nguchiro, akainama kuficha uso.

Asubuhi Mamba alikuwa mchangani kabla ya jogoo kumaliza wimbo wake. Jua likachomoza. Haaa! Mdomo ukawa wazi. Wanawake wakasukuma mtumbwi, pwaa!

Walipofika penye dagaa, Kenge alikuwa na wasiwasi. "Tumekuja bure. Mkiwamo ninyi, samaki hukimbia."

"Shemeji, ni kweli hukimbia?" aliuliza Bi Nguchiro.

"Kweli kabisa. Tangu utoto nimesikia."

"Hukimbilia wapi?"

"Hukimbia upande asikokuwa mwanamke."

"Vizuri. Basi wewe, uliye mwanamume, shuka majini na ncha moja ya wavu, ukae kule. Bi Kobe, shoga, shika ncha ya pili, uzame nayo chini, asikuone mtu. Bi Kanga na mimi tutabaki huku mtumbwini tuwe wanawake."

Kenge alishuka, kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kukataa. Bi Kobe akazama, dubwi! Bi Kanga akashika kafi akapiga maji, pwa! Pwa! Bi Nguchiro akapiga ubavu wa mtumbwi, ngo! Ngo! Wakaimba, nanyi itikieni:

Dagaa kimbia, kimbia!

*Mwanamke yu majini!*

Dagaa kimbia, kimbia!

*Nenda kwa mwanamume!*

Dagaa walikimbia. Walikimbia mbio, kama walivyosema wazee. Walikimbilia kwa Kenge, wakaingia wavuni, wavu ukavimba, Kenge akapiga kelele, "Basi! Basi! Wanatosha! Wataniburuta!" Mtumbwi ulirudi Kalolwa ukiwa umebakiza kidole kimoja kuzama.

"Kumbe mila ni ya kweli," alisema Kenge, akihema.

"Ya kweli sana," alisema Bi Nguchiro. "Iliwekwa upande usio wake tu."

Ufukoni Mamba alikuwa palepale. Ulimi ulikuwa umekauka kama ngozi ya ngoma. Wanawake waliosha dagaa, chwa, chwa, wakawaanika mbele yake, kisha wakaenda kukaa kwenye kivuli cha mtumbwi, wakashona wavu.

Kunguru akaja. "Haaa!" Mamba alifukuza. Mwewe akaja. "Haaa!" Alifukuza. Ikafika saa ya kugeuza. Akageuza kwa mkia, fagia, fagia, na wale waliopinduka vibaya akawarudia. Wingu likaja, "Haaa! Haaa!" akawaanua. Wingu likapita, akawaanika upya. Mgongo ukamuuma, tumbo likaungua, na jua likawaka utosini.

Kenge alimpelekea pole. "Mjomba, vipi kazi?"

"Haaa," alisema Mamba, na machozi yakimtoka.

"Ndivyo, Mjomba."

Jua likazama. Kwap! Mdomo ukafungwa. Mamba alilala kidogo hivyo hivyo, kisha akasema polepole, "Kwani siku zote huwa hivi?"

"Huwa vipi, Bwana Mkubwa?" aliuliza Bi Nguchiro.

"Kazi hii."

"Kazi gani? Aliyekausha ni jua."

Mamba hakuwa na nguvu mkiani wala taya za kugawa. Akasema, "Gawa wewe. Sheria ni ileile."

"Sheria ni ileile," alisema Bi Nguchiro. Akatenga nusu ya dagaa wote, akaiweka kando. "Hili fungu la jua." Mamba akameza mate.

"Hili fungu la mtumbwi. Mtumbwi hauna mdomo. Waliokuwamo ni Bi Kanga na mimi." Fyaa!

"Hili fungu la wavu. Wavu hauna mdomo. Walioushika ni Bi Kobe na shemeji Kenge." Fyaa!

"Hili fungu la kafi. Kafi halina mdomo. Aliyelipiga ni Bi Kanga." Fyaa!

"Hili fungu la nahodha." Akaangalia huku na huku, asione nahodha mwingine. Fyaa!

"Na hizi chenga na vichwa ni fungu la mchanga. Mchanga hauna mdomo. Aliyeulalia kutwa nzima ni Bwana Mkubwa. Karibu."

"Weka chenga zako!" alisema Mamba. "Nipe fungu la jua!"

"Jua liko wapi?"

Mamba aligeuka. Ziwa lilikuwa limekwisha kuwa la kijivu.

"Umeapa," alisema Bi Kobe, "kwamba likizama huligusi."

"Basi nitakula kesho, mchana kweupe!"

"Umeapa," alisema Bi Kanga, "kwamba mchana hufungi mdomo."

Mamba alikuwa akihesabu viapo vyake, cha kwanza na cha pili, na kila alipovishika vyote viwili kimoja kiliponyoka.

"Nitawameza nyote!" alipiga kelele. Kenge akarudi nyuma. Bi Nguchiro hakusogea, ingawa manyoya ya mkia wake yalisimama.

"Tumeze, Bwana Mkubwa. Mdomo ni wako. Lakini ukitumeza, kesho nani atavua? Na fungu la jua litaongezwa na nani? Leo ni hili. Kesho na jingine kama hili. Kesho kutwa na jingine. Nawe ndiwe mdomo wake, hakuna mwingine."

Mamba alilitazama fungu la jua. Lilikuwa zuri, linang'aa. Akalifikiria likiwa mara mbili. Akalifikiria likiwa kama kichuguu. Hasira ikamshuka mpaka mkiani. Akainama, akala chenga.

"Zina mchanga," alisema.

"Ndivyo zilivyo," alisema Bi Nguchiro. "Huna neno la shukrani?"

Kesho yake Mamba alijaribu kutafuna bila kufunga mdomo. Aliweka dagaa juu ya ulimi, akangoja washuke wenyewe. Akaja ndege mdogo, kitwitwi, yule mwenye miguu mirefu apendaye ukingo wa maji, akaingia mdomoni kwa adabu, akala dagaa mmoja mmoja, akachokonoa na yaliyosalia kwenye meno, akatoka. Kama Mamba angefunga mdomo, fungu lingepotea. Hakufunga. Kitwitwi akaja na mkewe.

Fungu la jua likakua. Likawa kama mlango, likawa kama kichuguu, likawa kama nyumba. Wanawake walilijengea ghala, maana mali ya mwenye heshima haiachwi nje.

Kisha ikaja masika. Mawingu yakafunga, na jua halikuonekana. Ziwa likachafuka, na hakuna aliyesukuma mtumbwi. Katika ghala dagaa wakaanza kuonyesha dalili ya ukungu.

"Jua limesafiri," alisema Bi Nguchiro. "Msafiri akichelewa na mali yake inaharibika, majirani hufanyaje?"

"Huila," alisema Bi Kanga.

"Huila kwa masikitiko," alisema Bi Kobe.

"Ndivyo, Mama," alisema Kenge, ambaye kuitikia hakukumshinda upande wowote.

Waliila kwa masikitiko masika yote. Watoto wa Kalolwa nzima walikula, na hata Kenge alinenepa. Siku ya kwanza, Mashaka alimtoa dagaa mzima kwenye mchuzi, akamwinua mbele ya macho yake, akamwangalia kutoka upande huu hadi upande ule.

"Mama," alisema, "kumbe dagaa ana tumbo?"

"Ana tumbo," alisema Bi Nguchiro. "Na mkia. Kula."

Mimi hadithi yangu nimeianua. Aliyeiona imekauka aitie kikapuni, aliyeiona mbichi aianike upya kwao.

Ama funzo lake, wanaume wa ufukoni walinisihi nisiondoke bila kulitaja, nami ni mtu wa kushika maagizo. Funzo ni hili: watoto, tiini mila. Mwanamke abaki pwani, mwanamume aende majini, na mgawaji asiulizwe mafungu. Mwenye shaka na amwulize Mamba. Yuko palepale mchangani tangu jua lichomoze, mdomo wazi. Ila hajibu.